Shoga, nimemuona dada yangu

Tukuyu, Jumapili usiku

Shoga yangu,

Voisi zako zote nimezisikiliza na simu zako nimeziona, usinikasirikie. Sijakukaushia, ni vile kila nikishika simu nianze kukuhadithia maneno yanakuja yote kwa pamoja afu koo linakaba, basi nikasema bora nikae chini nikuandikie barua kabisa kama tulivokuwa tunaandikiana enzi za bweni, ndefu, usome taratibu ukishawalaza watoto. Huku wote wamelala. Mwezi wa sita wa Tukuyu unaujua we mwenyewe, ukungu umeshuka tangu saa kumi jioni na nimevaa masweta mawili.

Nimemuona dada yangu. Yuko chumba cha pili hapo, amelala na mwanangu mdogo ambaye amegoma kabisa kulala na mimi tangu mgeni afike.

Naanza na Tunduma. Tulipanga Ijumaa asubuhi. Nilitoka Mbeya na kosta ya alfajiri, ni kama kilomita 100 tu lakini ile foleni ya malori unaikuta mbali kabla hata hujauona mji, malori ya shaba, ya mafuta, madereva wameanika nguo kwenye vioo na wengine wanasonga ugali chini ya tela, mtu yuko njiani siku ngapi Mungu ndo anajua. Nikachukua boda mpaka pale mpakani, kwenye kile kituo cha pamoja walichofungua 2019, nikasimama upande wetu maana yeye ndo alikuwa anavuka. Wabadili hela wamenizunguka na vibunda vya kwacha, dada kwacha, dada kwacha, na mimi hata siwasikii, nakagua kila mwanamke anayetoka kule amevaa chitenge.

Sasa ngoja nikwambie kitu ambacho sikuwahi kukwambia. Tangu tuanze kuwasiliana WhatsApp, picha zake zote nilikuwa nazikuza, natafuta sura ya baba, siioni. Ni mzuri, sura ya mviringo, macho madogo, lakini baba hayumo. Mdogo wangu wa kiume naye alikuwa ananiambia kila mara, una uhakika gani? Nami namjibu kwa sauti kubwa kwamba nina uhakika, huku moyoni naogopa. Maana ushahidi wetu ulikuwa ni nini? Maneno ya yule mzee aliyekuwa gadi wa treni, aliyeniita pembeni siku tunaanua matanga ya baba, akaniambia binti, baba yako ana mtoto mwingine Zambia, mkubwa kwako, na mimi ndo nilikuwa nampelekea hela zake. Na namba ya simu iliyokuja baada ya miezi mingi ya huyo mzee kuulizia kwa wastaafu wenzie wa reli wa Mpika, huko Zambia. Basi.

Nikamuona kabla hajaniona. Yuko kwenye dirisha la uhamiaji anasubiri karatasi zake, amesimama kwa mguu mmoja kama korongo, unyayo wa mguu wa pili ameuegemeza kwenye goti, ametulia hivyo hata hayumbi. Shoga, unamkumbuka baba alivyokuwa anasimama pale kibarazani akimsikiliza mtu? Unakumbuka tulivyokuwa tunamuigiza mpaka tunaanguka? Bibi naye alikuwa anasimama hivo hivo shambani akipumzika na jembe. Na huyu mwanamke baba alimuacha ana miaka 2, alimuona wapi akasimama ili aige? Miguu ikaniisha nguvu. Ile hofu yote ya moyoni ikaondoka, wala haijarudi.

Askari akamuuliza unakwenda kwa nani. Akageuka, akanitafuta, akanikuta, tukatazamana kwa mara ya kwanza maishani, na badala ya kunisalimia akaninyooshea kidole akamwambia yule askari, kwa Kiswahili chake cha Nakonde, ule mji wa mpakani upande wa Zambia, "Naenda kwa mdogo wangu, yule pale."

Mdogo wangu. Mimi. Wewe unajua mi ni nani nyumbani kwetu. Kifungua mimba. Nimeitwa dada tangu sijui kutembea vizuri, ada za wadogo zangu zimepita mikononi mwangu, baba alipoanguka na ile presha mimi ndo niliyesaini hospitali, jeneza nimechagua mimi, kamati ya msiba nimesimamia mimi, na mama akiwa na neno zito hampigii mtu mwingine. Sijawahi kulalamika na silalamiki leo, ni nafasi aliyonipa Mungu. Lakini sijawahi kuwa mdogo wa mtu. Sikujua kinafananaje. Nikamsogelea nikaona mdomo wangu wenyewe unasema "Shikamoo dada," nimepiga goti pale pale kwenye vumbi la mpakani na sketi yangu nzuri, na yeye naye kumbe kashapiga goti anapiga makofi taratibu wanavyosalimia kwao, kwahiyo tuko wote wawili chini, kila mmoja anampa mwenzie heshima, watu wanatupita na mabegi yao. Yeye ndo akanyanyuka kwanza akaninyanyua. Tukalia mpaka yule askari akaja kutuambia tusogee tunaziba njia, lakini alituambia kwa upole.

Tukapanda Noah ya Mbeya. Hapo ndo nilipopata maumivu, shoga.

Kile Kiswahili chake alikipata wapi, sikuwahi kumuuliza vizuri. Nikamuuliza. Akasema kazini. Kazi gani? Mchele. Zaidi ya miaka kumi anakuja Nakonde kununua mchele kupeleka Mpika na Kasama, kule wanauita mchele wa Nakonde na wanaupenda kuliko wowote, lakini we unajua na mimi najua Nakonde haina mashamba ya mpunga kiasi hicho, ule ni mchele wa Kyela na Mbarali. Na mara nyingi bei ikimkazia upande ule alikuwa anavuka anaingia Tunduma mwenyewe, anakaa siku mbili tatu anasubiri mzigo, anakula kwa mama ntilie, analala gesti.

Baba alistaafu akarudi huku Tukuyu. Alikuwa hapa hapa, shoga. Anaamka asubuhi anapalilia migomba yake, jioni anakaa kibarazani na redio. Na mtoto wake yuko Tunduma anapimiwa mchele, mchele ambao pengine umelimwa na wajomba zetu wa Kyela, safari ya asubuhi kufika mchana. Miaka yote hiyo. Akaniambia alikuwa anawauliza watu pale sokoni, mnamjua fulani, fundi wa reli, Mnyakyusa? Wanamcheka, wanamwambia mafundi wa reli Wanyakyusa wako wengi, taja kijiji. Kijiji alikuwa hakijui, mama yake alijua jina la mtu na jina la karakana tu. Mimi nilishika mkono wake hatukuongea mpaka tunaingia Mlowo.

Ilivyokuwa ni hivi, nimeiunganisha kwa maneno ya yule mzee gadi, ya baba mdogo na ya dada mwenyewe. Baba aliingia reli kijana mdogo, Wachina wamemaliza kujenga 1975 na mwaka uliofuata ikakabidhiwa, kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi, na kwa vile ni ya nchi mbili wafanyakazi walikuwa wanaweza kupangiwa upande wowote. Yeye fundi wa vichwa vya treni, 1981 akapelekwa karakana ya Mpika. Mama yake dada alikuwa anauza karanga na viazi vya kuchemsha getini. Dada akazaliwa 1984. Baba alitaka kuoa, baba mdogo anasema alituma barua nyumbani kuomba ng'ombe, ng'ombe hawakupatikana kwa wakati, na 1986 akahamishiwa Dar, wazazi wa yule mama wakasema binti yetu haendi nchi ya mbali bila mahari, na mimi siwalaumu, hata mimi nisingemruhusu binti yangu. Baba akawa anatuma hela na barua kwa mkono wa huyo gadi, treni ikifika Mpika anashuka dakika chache anakabidhi. Kisha yule mama akahamia kijijini kwao kule Kasama vijijini, mbali na reli, gadi akafika hakumkuta mtu, akarudi na bahasha. Ndo ikaishia hapo. Baba akaoa, mimi nikazaliwa 1988, na akanyamaza.

Hicho cha kunyamaza ndo kilichomuuma mama. Watu wanadhani mama alimkasirikia mtoto. Hapana, mtoto alikuwepo kabla ya ndoa, mama mwenyewe anasema ningeletewa ningemlea. Kinachomuuma ni kwamba amelala na mtu kitanda kimoja maisha yote na yule mtu ana mwanae anamuwaza na hakusema. Na mimi namwelewa, wala sikumsukuma. Nilimwambia tu mama, anakuja Ijumaa, ukitaka kwenda kwa shangazi Kiwira siku hizo nenda hakuna atakayekusema. Akakaa kimya. Hakwenda.

Tena sasa nakumbuka vitu. Unaikumbuka 2012, Zambia wamechukua kombe la Afrika kule Libreville, kwa matuta, 8 kwa 7 na Ivory Coast? Mi nilikuwa nyumbani likizo. Baba hakuwa mtu wa mpira kabisa, Simba na Yanga zote kwake sawa, lakini ile usiku alikaa mbele ya TV ya jirani hajala, na walipopiga tuta la mwisho alilia, akatoka nje. Tukasema mzee amekumbuka ujana wake wa relini. Na ile ndege ya wachezaji wao ilipoanguka baharini 1993, hapo hapo karibu na Libreville, mi nilikuwa mdogo lakini mama anasema alifunga kula siku nzima kama kafiwa na ndugu. Nilimhadithia dada tukiwa kwenye gari. Akaniambia usiku ule wa 2012 Mpika hakuna aliyelala, walipiga masufuria barabarani mpaka jua linatoka, na yeye alikuwa na mimba ya mwanae wa pili, akajiuliza yule mzee wa Tanzania, popote alipo, kama ameangalia. Alijiuliza hivo kweli, hakusema kunifurahisha mimi, na mimi nikawa na jibu la kumpa. Shoga, katika yote niliyowahi kumpa mtu, hilo ndo naona lina uzito kuliko yote.

Tulifika hapa jua limeshazama. Baba mdogo alikuwa ameletwa kutoka kwake tangu mchana, amekalishwa sebuleni na blanketi magotini, unajua macho yake siku hizi hayaoni vizuri. Dada akapiga goti mbele yake akajitambulisha, akataja majina yake yote. Na mimi majina yake yote nilikuwa siyajui, maana WhatsApp anatumia jina la Kikristo na jina la mume. Akataja jina la katikati, na ni jina la bibi. Jina la bibi mzaa baba, la Kinyakyusa kabisa, ambalo kule Mpika hakuna mtu mwingine analo, anasema shuleni walimu walikuwa wanashindwa kuliandika.

Unajua mi nimekuwa nikijiuliza maisha yangu yote kwa nini sikupewa jina la bibi. Mtoto wa kwanza wa kike wa mtoto wake wa kwanza, ilikuwa haki yangu, nilimuuliza bibi mwenyewe nikiwa darasa la nne, akanijibu jina langu lilishapanda treni. Watu wazima wakacheka, nami nikacheka, tukaona bibi kazeeka. Bibi alikuwa anajua! Baba alimwambia mama yake. Kumbe hakunyamaza kwa watu wote.

Baba mdogo aliposikia lile jina alinyoosha mikono yote miwili hewani anamtafuta. Akamshika uso, akampapasa, akawa anamwita mama. Mama umekuja. Mama umekuja. Mzee mzima, anamwita hivo mwanamke wa arobaini na moja, na dada haelewi Kinyakyusa hata neno lakini anaitikia.

Na mama yangu, ambaye tangu tuingie alikuwa jikoni hajatoka, akatoka. Akasimama mlangoni anaangalia. Unajua kwetu aliyebeba jina la bibi ndo bibi, kwahiyo kwa mama huyu ni kama mkwe wake amerudi, na mama na bibi walipendana sana, bibi ndo aliyempokea mikononi akinizaa mimi. Mama akaja akachuchumaa akamsalimia kwa heshima zote za mkwe. Sikutegemea. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Kisha akarudi jikoni akaleta mbalaga, zile ndizi zetu za kupika, na nyama tukala, usiku huo hakuna aliyeongea habari za zamani tena, mama alikuwa anamuuliza bei ya mafuta ya kula Zambia.

Sio kwamba kila mtu amefurahi, nisikudanganye. Mdogo wangu wa kiume amekuja jana, amekaa dakika ishirini, ameuliza kama kuna mtu amefikiria habari ya shamba la chai. Mbele ya mgeni. Nilimtoa nje nikamwambia shamba la baba lina watoto wa baba, na huyu ni mtoto wa baba, mkubwa kuliko sote, akitaka sehemu yake tutakaa kikao cha ukoo tumpe na asipotaka ni hiari yake, lakini suala hilo halianzishwi mtu hajamaliza hata chai yake. Ameondoka amenuna. Atarudi, namjua, ila itachukua muda na sitamuomba msamaha.

Kaburini tulikwenda jana asubuhi. Hapo naomba nisiandike sana. Alimhesabia baba wajukuu wake wanne kwa majina, mmoja mmoja, na kila mmoja yuko darasa la ngapi. Kisha tukang'oa majani.

Zawadi alizoleta zimejaza meza, vitenge, chikanda, kile chakula chao cha viazi vya maua pori na karanga, ambayo mama ameikataa na wanangu wameimaliza, na viwavi vya kukausha, vinkubala, baba mdogo amekula kiganja kizima akasema kaka yake aliwahi kumletea hivi na tangu hapo hakuvipata tena. Nikamwambia dada hiyo chikanda viazi vyake vinachimbwa huku kwetu Makete mpaka ikabidi uwanda wa juu wa Kitulo uwe hifadhi, akashangaa kweli.

Usiku wa jana tukabaki wawili. Nilidhani ataniuliza kama baba alikuwa anamtaja. Aliniuliza baba alikufa na nini. Nikamwambia presha, ikaleta kiharusi, na sukari alikuwa nayo miaka mingi. Akanyamaza, akafungua pochi akanionyesha dawa zake. Presha, tangu mtoto wa mwisho. Kila akienda kliniki wanamuuliza kwenu kuna mtu ana hii, upande wa baba je, naye anajibu sijui. Miaka yote anajibu sijui. Nikamuandikia kwenye karatasi, ugonjwa wa baba, wa bibi, wa shangazi aliyekatwa mguu, miaka waliyoanza, yeye akaikunja akaiweka pamoja na pasi yake ya kusafiria. Kisha akaniambia na wewe mdogo wangu kesho kutwa unakwenda kupimwa kabla sijaondoka. Sio ombi. Amri. Na mimi nikasema sawa dada, nikajisikia raha ambayo siwezi kukuelezea, mtu kuniamrisha kwa sababu ni mkubwa wangu.

Anaondoka Jumanne. Mwezi wa 12 mimi na watoto tunakwenda Mpika, Mungu akipenda, kwa treni, nataka nipite njia aliyopita baba.

Sasa nakutuma. Mzee wako naye alikuwa relini miaka ile ile na najua alipita Mpika, na lile sanduku lake la picha nililiona kwenu kwa macho yangu tukiwa wadogo. Dada hana hata picha moja ya baba akiwa kijana, sisi tulizonazo zote ni za baada ya ndoa. Mkalishe mzee asubuhi akiwa hajachoka, mtolee picha za karakana moja moja, umuulize nani ni nani, hata kama baba yupo nyuma kabisa au amefichwa na mtu. Na muulize kama anamkumbuka mwanamke aliyekuwa anauza karanga getini. Zote utakazopata zipige picha unitumie kabla ya Jumanne asubuhi, vocha nitakurushia kesho.

Wako,
mdogo wake mtu